Wale kenda wa wapi? Majibu kwa wasomaji kuhusu kumshukuru Mungu

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: kumshukuru Mungu. Tumechagua sita. Majina tumeyaacha, na barua ndefu tumezifupisha.

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama ntilie hapa Morogoro. Naamka saa kumi alfajiri, narudi nyumbani saa mbili usiku. Nikipiga magoti kushukuru, maneno ni yaleyale: asante kwa uzima, asante kwa ulinzi, asante kwa afya. Dakika moja nimemaliza, na siku nyingine nasinzia kabla ya amina. Najiona kama namdanganya Mungu. Nifanyeje?

Asifiwe sana, mama. Humdanganyi. Uzima, ulinzi na afya ni vya kweli na vinatoka kwake. Kasoro ya sala hiyo ni kwamba haijaigusa siku yako. Ungeweza kuisali jana, ungeweza kuisali mwaka jana, na jirani yako angeweza kukusalia bila kujua lolote lililokupata leo.

Fungua Luka 17, habari ya wakoma kumi. Mara nyingi tunahubiriwa kwamba wale tisa walikuwa watu wasio na adabu. Soma tena taratibu. Yesu aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, kama sheria ya Walawi 14 ilivyotaka, nao walikuwa njiani kutii. Walikuwa kwenye shughuli halali, tena waliyotumwa na Bwana mwenyewe, kama wewe ulivyo kwenye shughuli halali ya kulisha watu. Yule Msamaria, mmoja pekee aliyerudi kushukuru, alifanya nini zaidi? Luka anasema "alipoona kwamba amepona, alirudi". Aliutazama mwili wake, akasimama, akageuka, akapaza sauti. Ndipo Yesu akauliza swali ambalo Biblia ya Union imelitunza kwa Kiswahili cha zamani: "Wale kenda wa wapi?", yaani wale tisa wako wapi?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuona, na jicho lililochoka usiku halioni. Usingoje saa mbili. Chukua nyakati tatu ambazo tayari zimo katika kazi yako: mkaa unaposhika moto, maharage yanapokuwa jikoni hayahitaji mkono wako, na mteja wa mwisho anapolipa. Katika kila moja sema sentensi moja tu, hata kwa sauti ya chini, yenye sehemu tatu: kitu chenyewe, njia kilivyokufikia, na jina la Mungu. Kwa mfano: "Bwana, asante kwa zile kilo tano za mchele, yule mwenye duka alizonikopesha jana bila kunitolea maneno." Inachukua muda wa sekunde kumi, na hakuna mwingine duniani anayeweza kuisali. Danieli alisali na kushukuru mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), naye alikuwa na kazi za serikali mabegani.

Usiku, tumia daftari dogo. Andika tarehe na mistari mitatu. Ukiwa hoi, fanya siku tatu kwa juma badala ya saba, mradi siku hizo uzitaje mapema: Jumanne, Alhamisi, Jumapili. Kanuni yake ni moja: usiandike neno ambalo ungeweza kuliandika bila kuiishi siku hiyo. "Afya" haiandikwi. "Mgongo haukuuma nilipoinua sufuria ya wali" inaandikwa. Kama unasinzia ukipiga magoti, kaa kwenye kigoda au simama. Biblia ina watu waliosali wamesimama, wameketi na wamelala kitandani.

Tukuonye mapema: karibu na siku ya nane au ya kumi utakwama. Wengi huachia hapo wakidhani wamepoa kiroho. Sababu ni nyepesi zaidi: vitu vikubwa umeshavimaliza. Dawa yake ni kushuka kwenye vidogo, ukizunguka makundi matano: mwili wako, watu waliokugusa siku hiyo, vitu vilivyokuja mkononi, baya lililokupita, na neno ulilolisikia. Zaburi 136 inafanya hivyo hivyo. Ina mistari 26, inaanza na mbingu na mianga mikubwa, inapita Bahari ya Shamu, inawataja hata wafalme Sihoni na Ogu kwa majina yao, na karibu na mwisho, mstari wa 25, inafika kwenye chakula. Aliyeitunga hakuona aibu kutoka kwenye jua na mwezi mpaka kwenye sahani. Mama ntilie ana haki ya zaburi hiyo kuliko wengi wetu.

Kuna kosa jingine kubwa zaidi, nalo limeenea sana makanisani siku hizi. Mtu anasema, "Asante Bwana kwa nyumba utakayonipa, asante kwa gari ambalo tayari nimelipokea." Hilo ni ombi lililovaa nguo za shukrani. Omba nyumba, hakuna anayekukataza, lakini iombe kama ombi. Paulo katika Wafilipi 4:6 anaweka "kusali na kuomba, pamoja na kushukuru": mambo yanayokaa pamoja bila moja kumeza jingine. Katika daftari, shukrani zikae ukurasa wa kushoto na maombi ukurasa wa kulia. Ombi likijibiwa, lihamishe kushoto na uandike tarehe. Baada ya miezi mitatu utakuwa na kitu cha kusoma siku ambayo wateja hawakuja.

Mwanangu wa miaka minne alifariki mwezi wa pili. Watu wa maombi wamekuja mara tatu kunisisitiza kwamba Biblia inasema "shukuruni kwa kila jambo". Mmoja amesema nisiposhukuru kwa kifo hiki ninamfungulia shetani mlango. Nimejaribu, maneno hayatoki. Je, sina imani? (Dodoma)

Pole sana, mama. Pole kwa mtoto, na pole kwa mzigo uliobebeshwa juu ya msiba. Huna kosa hapo. Kutokuweza kushukuru kwa ajili ya kifo cha mtoto si ukosefu wa imani, na hakuna mlango wowote uliomfungulia shetani.

Mstari wanaokusomea ni 1 Wathesalonike 5:18. Katika Kigiriki alichoandikia Paulo, maneno yake yanasema "katika kila jambo", yaani ukiwa ndani ya hali yoyote. Hayakudai kila jambo lenyewe liitwe zuri. Watakusomea pia Waefeso 5:20, "kwa mambo yote", na hatutaki kuuficha mstari huo. Lakini Paulo yuleyule anakiita kifo "adui wa mwisho" katika 1 Wakorintho 15:26. Adui hashukuriwi. Na katika barua ileile kwa Wathesalonike, sura moja kabla, anawaambia waliofiwa wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini". Huzuni ameiachia nafasi yake, alichoongeza ni matumaini. Kwa Warumi akaandika, "lieni pamoja nao waliao."

Tazama pia Bwana mwenyewe kaburini kwa Lazaro. Katika Yohana 11 analia kwanza, mstari wa 35. Shukrani yake inakuja mstari wa 41, na anashukuru kwa kuwa Baba amemsikia. Hashukuru kwamba rafiki yake amekufa. Na Ayubu, ambaye watu hupenda kumnukuu pale aliposema "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", kufika sura ya 3 alikuwa anailaani siku aliyozaliwa. Mwishoni, sura ya 42, Mungu aliwakasirikia marafiki waliokuja na majibu ya haraka, akasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Unaloweza kufanya sasa ni hili. Chukua Zaburi 13. Ni fupi, mistari sita. Miwili ya kwanza inauliza "hata lini" mara nne, miwili ya katikati inaomba, miwili ya mwisho inatumaini. Soma miwili ya kwanza tu na ufunge kitabu. Fanya hivyo wiki mbili, miezi miwili, kadiri utakavyohitaji, na usiruhusu mtu akuharakishe kufika mstari wa sita. Ukiona hata hiyo inakuzidi, Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia kama sala.

Siku ikifika, nayo haina tarehe, huenda ukataka kusema asante. Isiwe kwa kifo. Iwe kwa mtoto: alivyokuwa akicheka maji yakimwagika kichwani, neno alilokuwa akilikosea kila mara, uzito wake alipokulalia mgongoni. Taja jina lake unapoomba. Shukrani hiyo itakuja na machozi, na machozi hayo hayaifuti.

Kama wiki zinapita huli wala hulali, au yanakujia mawazo ya kutotaka kuishi, mwambie mtu wa karibu leo hii na uende kituo cha afya. Kutibiwa hakupingani na maombi.

Na ninyi mnaokwenda kumtembelea mfiwa baada ya matanga kwisha: fagieni uwanja, jazeni ndoo za maji, pikeni uji, mkae. Mwiteni marehemu kwa jina. Mstari wa Biblia, kama lazima, uwe wa kulia naye.

Nimepona baada ya kufanyiwa upasuaji wa uvimbe. Nataka kutoa sadaka ya shukrani. Mzee mmoja wa kanisa ananiambia isipungue mshahara wa mwezi mmoja, na kwamba nitaitwa mbele nitoe ushuhuda huku kiasi kikitangazwa. Bado nadaiwa hospitali. Mungu anataka shilingi ngapi? (Mwanza)

Hongera kwa kupona. Hakuna kiasi. Fungu la kumi lina hesabu yake, lakini sadaka ya shukrani katika Biblia haina kima cha chini, na mtu akikupangia kiasi ameibadilisha kuwa mchango. Kipimo cha Paulo ni hiki: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala kwa lazima" (2 Wakorintho 9:7).

Inafaa kujua sadaka yenyewe ilivyokuwa. Walawi 7 inaeleza kwamba mwenye kushukuru alileta mnyama pamoja na mikate, isiyotiwa chachu na iliyotiwa chachu. Nyama ililiwa siku ileile, na hakuna kilichoruhusiwa kulala mpaka asubuhi. Sadaka ya nadhiri iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake, ya shukrani hapana. Sasa fikiria mtu na mkewe wamechinja mbuzi au ng'ombe, na nyama yote lazima iishe kabla ya kulala. Watafanya nini? Wataita majirani. Sadaka ya shukrani, kwa namna ilivyowekwa, ilikuwa ni mlo wa watu wengi.

Anza na deni. "Msiwiwe na mtu cho chote," inasema Warumi 13:8. Chukua karatasi, andika kipato cha mwezi, toa chakula, kodi, ada, na kiasi mlichokubaliana na hospitali kulipa kwa mwezi huo. Kama hujakubaliana nao, nenda kwenye ofisi ya malipo uombe kulipa kwa awamu, na upate makubaliano hayo kwa maandishi. Kinachobaki ndicho unachochagulia sadaka, na uchague nyumbani, kabla ya Jumapili. Ukichagulia kanisani huku kwaya inaimba na watu wanapita mbele, utatoa kwa presha na kujuta Jumatatu. Ndani ya bahasha weka karatasi yenye mstari mmoja au miwili: "Namshukuru Mungu kwa upasuaji wangu, kwa wauguzi wa wodi, na kwa jirani aliyelala na wanangu siku nne." Mkabidhi mhazini na umwombe wazi kwamba kiasi kisisomwe. Una haki hiyo. Nabii Amosi, sura ya 4 mstari wa 5, aliwakemea watu waliokuwa wakitangaza sadaka zao za hiari na kuzipigia mbiu, na Bwana Yesu akasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume.

Kama fedha haipo kabisa, pika. Au rudi wodini na sabuni za kufulia na mafuta ya kujipaka. Ukitaka kupeleka chakula, muulize kwanza muuguzi wa zamu, kwa sababu wodi ya upasuaji ina watu waliokatazwa kula kabla na baada ya kufanyiwa, na uji wa upendo unaweza kumletea mgonjwa madhara.

Ushuhuda nao ni mzuri sana. Zaburi 107 inaita makundi manne yaliyookolewa, wenye kupotea jangwani, wafungwa, wagonjwa na mabaharia, na kila moja linaambiwa limshukuru Bwana mbele za watu. Usizidi dakika tatu. Sema ulichokuwa nacho, kilichofanyika, watu ambao Mungu aliwatumia, kisha msifu Mungu na uketi. Mtaje daktari bila woga, kumtaja hakumpunguzii Mungu kitu. Usimwage siri za mgonjwa wa kitanda cha pili, wala za mume au mke. Na usiseme "nimepona kabisa" kabla kliniki haijakuruhusu.

Hapa tunasema kwa uzito wote: usiache dawa ili kuonyesha kwamba umeamini au umeshukuru. Tunawaandikia hasa wenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa na wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza zikikatizwa virusi huongezeka tena mwilini, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa hizohizo. Kumbukeni kwamba Yesu aliwatuma wale wakoma kumi wakakaguliwe na aliyekuwa na mamlaka ya kusema nani amepona. Kwenda kliniki tarehe uliyopangiwa kunafuata mfano huohuo.

Shalom. Kanisani kwetu Mbozi kuna Jumapili ya mavuno. Nimepata magunia matatu ya mahindi, mwaka jana nilipata kumi na mawili. Naona aibu. Halafu wengi hapa hupeleka mahindi yaliyobunguliwa, wanasema yanaenda mnadani tu. Nipeleke nini?

Shalom, ndugu mkulima. Shika mstari huu: kitu "hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Yale magunia tisa ambayo hukuyapata hayamo katika hesabu ya Mungu. Kama ni debe, kama ni nusu debe, kama ni kisado, leta.

La mahindi yaliyobunguliwa limetuudhi. Malaki 1:8 inawauliza waliopeleka wanyama vipofu na vilema: mpelekee basi liwali wako, je, atakuwa radhi nawe? Kumbukumbu la Torati 26 inaagiza malimbuko, yaani ya kwanza, yatiwe katika kikapu na kuletwa. Kwa hiyo tenga fungu lako siku ya kupukuchua, kabla mnunuzi hajafika na kabla hujapanga matumizi. Ukingoja uuze kwanza, kitakachobaki ni cha chini ya gunia.

Hakikisha yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani juu ya turubai. Usiyaanike kwenye udongo mtupu. Yenye unyevu huota kuvu, na kuvu wengine huacha sumu ambayo haitoki kwa kupika. Mahindi hayo hayaishii mnadani: aliyeyanunua atakula, na huenda ni mjane mwenye watoto wadogo. Chagua punje zilizooza na zilizobadilika rangi uzitupe.

Kwa wazee wa kanisa, ombi: msipige mnada kila kitu. Sura ileile ya Kumbukumbu la Torati inasema mleta malimbuko afurahi pamoja na Mlawi na mgeni, kisha inawataja yatima na mjane washibe. Tengeni sehemu igawiwe siku hiyohiyo kwa majina mliyoyaandika mapema. Na mnada ukigeuka shindano la wenye fedha kupandishiana bei ya jogoo mmoja, mkulima wa magunia matatu atakaa nyuma mwaka ujao, au hatakuja.

Wewe, ndugu yetu, ukiweka kikapu chako, sema kwa kinywa kama yule Mwisraeli alivyoagizwa kusema. Alieleza habari nzima: baba zake walikuwa wachache, wakateswa, wakatolewa, wakaletwa. Nawe sema mvua ilikatika lini, ulipanda mara ngapi, na magunia matatu yalibaki vipi. Habakuki alisema mtini usipochanua na mazizi yakiwa hayana ng'ombe, bado atamfurahia Bwana. Hakuficha kwamba mazizi yalikuwa matupu.

Wanangu wana miaka minne, saba na kumi na mmoja. Sala ya chakula wanaipiga mbio kama wimbo, hata hawajui wanasema nini. Nikiwakumbusha kwamba kuna watoto hawana chakula, wananitazama tu. (Nakuru)

Acha kuwaambia habari za watoto wasio na chakula kama sababu ya kushukuru. Tunajua nia ni njema, nasi wengi tulilelewa hivyo. Lakini yule Farisayo wa Luka 18 alianza sala yake vivyo hivyo: "nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Shukrani inayosimama juu ya shida ya mwenzako itamfundisha mtoto kujilinganisha. Habari za wenye njaa ziwe na mahali pake, zimfundishe kugawa.

Mezani, kila siku mtoto mmoja ataje kitu kimoja kilichopo sahanini na mtu mmoja aliyekifikisha hapo: aliyelima sukuma, aliyekamua maziwa, dada wa kazi aliyesonga ugali. Kisha amgeukie dada na kumwambia asante kwa jina lake. Sentensi mbili, amina, mle kabla chakula hakijapoa. Wa miaka minne asahihishwe mara chache sana. Akisema anashukuru kwa paka, ameshukuru. Jaribuni pia kushukuru baada ya kula: Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema "utakula na kushiba", ndipo umshukuru Bwana. Mtoto aliyeshiba anajua anachokishukuru.

Niliweka nadhiri: Mungu akinipa mtoto nitalinunulia kanisa kinanda. Mtoto ana miaka mitano, kinanda sijanunua, biashara imeyumba. Kila mtoto akiugua naogopa kwamba Mungu anadai. (Bukoba)

Nadhiri hutangulia jambo, shukrani hulifuata. Ndiyo maana nadhiri ina deni na shukrani haina. Mhubiri 5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na hatuwezi kukuambia usahau. Lakini homa ya mtoto si hati ya madai. Mpeleke apimwe malaria, wala usimtafutie sababu nyingine.

Ona rehema iliyomo katika sheria yenyewe. Walawi 27:8 inasema mwenye nadhiri akiwa maskini asiyeweza kiwango kilichowekwa, asimamishwe mbele ya kuhani, naye amkadirie kulingana na uwezo wake. Fanya hivyo. Nenda kwa mchungaji au padri wako, si siku ya Jumapili yenye haraka, umweleze ulichoahidi, ulichonacho sasa, na unachoweza kutenga kwa mwezi. Mkubaliane kiasi na tarehe. Hana, yule mama aliyeweka nadhiri kwamba akipewa mtoto atampa Bwana, naye hakumpeleka Samweli palepale. Alimweleza mumewe kwamba atangoja mtoto aachishwe kunyonya, na alipomwachisha akampeleka. Kuchelewa kwake kulikuwa na mwisho unaojulikana. Ukiwa Mkatoliki, sheria ya Kanisa inamruhusu paroko kukuondolea nadhiri binafsi kwa sababu ya haki, na wewe mwenyewe waweza kuibadilisha kwa jema lililo sawa au kubwa zaidi.

Halafu mshukuru Mungu kwa mtoto, leo, bila kutaja kinanda. Miaka mitano hofu imekaa mahali pa shukrani. Mtazame anapokula.

Wapo wanne walioandika kwa ufupi wakiuliza namna ya kumshukuru ndugu au mfadhili aliyewalipia ada bila kuonekana wanaomba tena. Somo zuri ni Wafilipi 4:10-18. Paulo yuko kifungoni, amepokea msaada kwa mkono wa Epafrodito. Anakiri kwamba amevipokea, anakumbuka kwamba hata kule Thesalonike walimletea msaada zaidi ya mara moja, anasema wazi kwamba hatamani kipawa, na anakiita sadaka yenye kumpendeza Mungu. Haombi kingine. Basi andika ujumbe ndani ya siku mbili baada ya kupokea, na mwingine matokeo yakitoka, hata yakiwa mabaya. Taja kiasi, kilivyotumika, na kilichotokea. Usiweke mahitaji mapya katika ujumbe huo hata kama yapo. Yasubiri siku nyingine, kwa ujumbe wake. Unaweza kuandika hivi:

"Shikamoo mjomba. Ile 350,000 nimeipokea Jumatatu. 300,000 nimelipa ada ya muhula, risiti nimekutumia picha yake, 50,000 nimenunua sare na viatu. Leo nimeingia darasani. Nimemtajia Mungu jina lako asubuhi. Msalimie shangazi."